Bei ya Kuachana

Mwishoni mwa Desemba 2022 shilingi milioni 112 ziliingia kwenye akaunti ya Yanga. Aliyeziweka hakuwa mdhamini wala mwanachama mwenye nazo. Alikuwa kiungo wao wenyewe, Feisal Salum, yule Fei Toto wa Zanzibar, aliyekuwa akilipwa milioni 4 kwa mwezi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: milioni 100 za kurudisha fedha ya usajili, milioni 12 za mishahara ya miezi 3, basi, mkataba umevunjika na kila mtu ashike njia yake. Akawaaga mashabiki mtandaoni. Klabu nayo ikatoa taarifa yake: huyu bado ni mchezaji wetu, mkataba wake unaisha Mei 2024.

Kilichofuata kila mpenda soka anakijua, ila wengi wanakikumbuka kama ugomvi tu. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF iliamua kwamba Feisal ni mchezaji halali wa Yanga. Akaomba marejeo, Machi yakatupwa. Mawakili wakaingia, mama mzazi akahojiwa, michango ya kwendea Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikaitishwa. Vijiweni, kuanzia Kariakoo hadi Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, watu waligawanyika kama walivyozoea kugawanyika: huyu anasema kijana anaonewa, yule anasema kijana amelewa sifa. Na wakati huo wenzake walikuwa kazini. Yanga ile ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kucheza na USM Alger ya Algeria, Mei 28 na Juni 3, 2023. Fei hakuwemo. Siku chache baadaye, kwenye hafla ya Ikulu ya kuwapongeza Yanga, Rais Samia Suluhu Hassan aliuomba uongozi wa klabu umalize jambo lile, na Juni hiyohiyo Yanga ikamuuza kwa Azam FC. Msimu uliofuata alifunga mabao 19 ya ligi. Kwa hiyo kipaji kilikuwepo muda wote. Kilichokwama kwa nusu msimu ni karatasi.

Tukae kidogo kwenye zile milioni 112, maana ndipo penye somo. Kulipa na kuvunja mkataba ni mambo mawili. Mkataba ukisema waziwazi kwamba upande wowote unaweza kuondoka kwa kutoa taarifa ya siku kadhaa na kulipa kiasi fulani, basi ukilipa unaondoka, apende asipende mwenzako. Usiposema hivyo, au ukisema kwa lugha ambayo kila wakili anaisoma anavyotaka, fedha uliyoiweka kwenye akaunti ya mtu inabaki kuwa fedha iliyowekwa kwenye akaunti ya mtu. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji hazifichi jambo hili: mkataba wa muda maalumu huisha muda wake unapokwisha, au pande mbili zikikubaliana, au mmoja akiwa na sababu ya msingi ya kuuvunja. Kuchoka kukaa mahali si sababu ya msingi. Kuona mshahara wa mwenzako ni mkubwa kuliko wako, hata kama unauma kweli, si sababu ya msingi.

Sababu ya msingi ni kama ile aliyoondoka nayo Milutin Sredojević, Micho, Julai 2017 alipoiacha timu ya taifa ya Uganda, ng'ambo ya ziwa letu. Alikuwa hajalipwa mishahara, malimbikizo yamekuwa mlima, akafunga virago. Hakuna aliyemwambia rudi kazini, mkataba wako bado. Na uhusiano haukufa, kwani mwaka 2021 alirudi Kampala kuifundisha timu ileile. Siku hizi kwa wachezaji jambo lenyewe limewekewa hesabu: klabu ikishindwa kulipa mishahara ya miezi 2, mchezaji huandika barua ya madai na kutoa siku 15, zikipita kimya, ana haki ya kuondoka. Barua kwanza. Si mtandaoni, si kwa mtangazaji wa redio.

Wako pia waliokuwa na kipengele cha wazi na bado wakaenda mahakamani. Desemba 2007 Rich Rodriguez, kocha wa mpira wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha West Virginia, alikiacha chuo hicho na kwenda Michigan. Mkataba wake ulitaja bei ya kuondoka kabla ya wakati: dola milioni 4. Akagoma kulipa, chuo kikamshtaki, na Julai 2008 wakamalizana kwa chuo kupata dola zake zote milioni 4, Michigan ikitoa 2.5 na yeye mwenyewe 1.5. Miezi saba ya mawakili, na jibu likawa namba ileile aliyoitia saini. Fei alihangaika kwa sababu pande mbili hazikusoma njia ya kutokea kwa namna moja. Rodriguez njia aliisoma vizuri, alichukia bei tu. Katika kesi zote mbili aliyeondoka kwa papara ndiye aliyetokwa jasho.

Lakini kisa cha mchezaji ni rahisi kukicheka. Kilicho kigumu kwa viongozi wetu kukisikiliza ni kile cha upande wa pili wa meza, wa anayefukuza. Kwa hicho twende Kenya.

Agosti 2014 Harambee Stars ilitolewa na Lesotho kwenye safari ya kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika. Nchi ilikasirika, na shirikisho la soka likamtimua kocha Adel Amrouche. Makofi yakapigwa. Tatizo ni kwamba mkataba wake ulikuwa na miaka mingi mbele, na kutolewa na Lesotho, hata kama ni aibu, hakufuti mkataba. Amrouche alikwenda FIFA, shauri likafika CAS, na Kenya ikaamriwa kumlipa. Deni likakaa. Uongozi uliomfukuza ukaondoka madarakani, ukaja mwingine, deni lipo. Mwaka 2020 FIFA ikatishia kuiondoa Kenya kwenye mbio za kufuzu Kombe la Dunia la 2022, na hapo ndipo shirikisho lilipotoa zaidi ya shilingi milioni 100 za Kenya. Miaka sita baada ya mechi ya Lesotho! Waliozilipa si waliotia saini barua ya kufukuza. Na Amrouche huyohuyo Machi 2023 alitua Dar es Salaam kuifundisha Taifa Stars. Ajira ikaishia kwenye utata mwingine Januari 2024, pale Ivory Coast, CAF ilipomfungia mechi 8 kwa kauli zake kuhusu Morocco na TFF ikamsimamisha, Hemed Suleiman akashika timu.

Sasa turudi huku ziwani. Klabu ya Pamba ilishuka daraja mwaka 2001, na wazee wa Mwanza walikaa miaka 23 wakisimulia habari za Pamba yao, TP Lindanda, kama watu wanaosimulia enzi za ukoloni. Mwaka 2024 ikapanda, sasa ikiitwa Pamba Jiji, mlezi wake Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Ikaletewa kocha Mserbia, Goran Kopunović, mtu aliyewahi kuinoa Simba. Oktoba 2024, ligi ikiwa changa na timu haijashinda hata mechi moja, wakaachana naye. Akaitwa Fred Felix Minziro kuzima moto, na akauzima. Ukivuka Daraja la JP Magufuli kutoka Kigongo kwenda Busisi, ukafika Geita, utakuta hadithi pacha. Mwaka 2021 Geita Gold, timu ya halmashauri iliyokuwa na udhamini wa mgodi, ilipanda Ligi Kuu na kumchukua Étienne Ndayiragije, Mrundi aliyekuwa kipenzi cha Mwanza kwa sababu aliifikisha Mbao FC fainali ya Kombe la TFF mwaka 2017 pale Jamhuri, Dodoma. Hakumaliza hata nusu msimu. Aliyepokea timu? Minziro huyohuyo, na akamaliza nafasi ya 4.

Sidai kwamba Pamba au Geita Gold ziliachana vibaya na makocha hao. Ninachokitazama ni muda. Kocha anaajiriwa Julai, anaondoka Oktoba. Ikiwa huo ndio mwendo wetu, na ndio, basi kipengele cha kuachana ndicho kifungu kitakachotumika kuliko vyote kwenye mkataba, na ndicho tunachokiandika tukiwa tumeshachoka, saa kumi na moja jioni, waandishi wa habari wakisubiri picha ya jezi.

Fungua mkataba wa namna hiyo. Mshahara umeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Nyumba ipo, gari lipo, tiketi za ndege za familia zimehesabiwa, posho ya ushindi ina mizani yake: Simba na Yanga bei hii, wengine bei ile. Halafu unafika mwishoni, unakuta mistari miwili kwamba mkataba unaweza kuvunjwa na upande wowote kwa kufuata taratibu. Taratibu zipi? Hazimo. Wavuvi wetu wa sangara ni makini kuliko hivyo: mtumbwi hausukumwi majini mpaka mwenye mtumbwi na vijana wake wamekubaliana mgawo, mafuta ni ya nani na nyavu zikipotea nani anabeba.

Tupige hesabu, za mfano tu. Kocha mgeni anatia saini miezi 24 kwa dola 5,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi wa 4 anafukuzwa kwa sababu timu haishindi. Kufungwa mechi, kwa macho ya FIFA, kwa kawaida si sababu ya msingi ya kuvunja mkataba. Imebaki miezi 20, yaani dola 100,000. Kama mwezi wa 10 anaanza kazi mpya kwa dola 3,000, ile miezi 15 ya mwisho ya mkataba atakuwa ameingiza dola 45,000, na hizo hupunguzwa kwenye fidia. Inabaki dola 55,000. Kama kulikuwa na mishahara ambayo hajalipwa, hiyo inaongezwa juu. Ingekuwa mkataba umetamka kwamba anayeuvunja bila sababu ya msingi, awe klabu au kocha, anamlipa mwenzake mishahara ya miezi 3, bei ingekuwa dola 15,000 na wote wangeijua tangu siku ya kwanza. Ila kipengele hicho kibane pande zote kwa uzito unaofanana. Klabu ikijiandikia mwezi mmoja na kocha ikamwandikia miezi kumi na miwili, isishangae mwamuzi akikitupa.

Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zina sehemu maalumu kwa ajili ya makocha. Uamuzi ukitoka na kocha akatoa namba ya akaunti, klabu ina siku 45. Zikipita, inafungiwa kusajili wachezaji mpaka ilipe, na kifungo kinaweza kufika madirisha matatu ya usajili. Hapo ndipo mashabiki hushtuka, wakauliza mbona mshambuliaji mpya hajapata leseni, wakati mambo yaliharibika mwaka mmoja na nusu nyuma kwenye barua ya aya moja. Na kocha ana miaka miwili ya kufungua madai. Ukimya wake uwanja wa ndege si msamaha.

Wenzetu waliozama kabisa kwenye mchezo huu ni vyuo vikuu vya Marekani. Mwanafunzi wa SAUT pale Malimbe akitajiwa namba zao atadhani ni bajeti ya wizara. Novemba 2023 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimwondoa kocha Jimbo Fisher huku mkataba ukikidai kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili asifundishe. Oktoba 2025 Penn State ilimtimua James Franklin ikiwa na deni la takriban dola milioni 49. Alipopata kazi Virginia Tech wakakubaliana kwa milioni 9, kwa mantiki ileile ya kupunguza kipato kipya. Oktoba hiyohiyo LSU ya Louisiana ikamwachisha Brian Kelly, dola kama milioni 54 zikiwa zimebaki. Walipoanza kuvutana juu ya malipo, hoja ikaibuka upande wa chuo kwamba mkurugenzi wa michezo aliyemwachisha hakuwa na mamlaka ya kufanya hivyo. Kelly akaenda mahakamani, na kabla Novemba haijaisha chuo kikakiri kwamba kimemwachisha bila sababu ya msingi.

Hoja hiyo ya mamlaka ingetupata sisi vibaya zaidi. Kwenye timu ya halmashauri kuna mkurugenzi wa jiji, kuna meya na madiwani, kuna bodi ya timu, kuna mtendaji mkuu, na kuna mkuu wa mkoa ambaye hayumo kwenye katiba ya klabu lakini simu yake hupokelewa mara ya kwanza inapolia. Nani kati yao anamfukuza kocha? Kama mkataba haujamtaja, yeyote anaweza kumfukuza kwa mdomo baada ya kipigo cha Kirumba, na fedha itakayolipa maneno yake ni ushuru wa dagaa na kodi ya vibanda vya sokoni. Texas A&M ina matajiri wa mafuta nyuma yake. Halmashauri ina mama anayelipia meza ya nyanya Mlango Mmoja.

Nimeeleza mengi ya kocha mgeni kwa sababu kesi zake husikika. Mzawa hali yake ni nyingine. Akigombana na klabu ya nchi yake, shauri halina sura ya kimataifa, kwa hiyo mlango wa FIFA si wake. Ana kamati za TFF na ana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Na hapo kuna mitego ambayo wengi huijua wakiwa wameshaingia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Julai hadi Oktoba ni miezi mingapi? Kocha wa muda mfupi hatakosa kila kitu, kwa maana anaweza kudai kilichoandikwa kwenye mkataba, lakini anabaki na mkataba tu kama ngao. Kama ngao yenyewe ni ile mistari miwili ya taratibu zisizotajwa, ana kazi.

Wapo pia wasio na karatasi kabisa, wanaofundisha kwa posho na ahadi, hasa madaraja ya chini na timu za mikoa. Kwao sheria hiyohiyo ina nafuu moja: mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi au maelezo ya ajira, mzigo wa kuthibitisha masharti yaliyokuwepo unamwangukia yeye. Ujumbe wa simu wa "mwalimu, mshahara wa mwezi huu tutakuingizia Ijumaa" ni ushahidi. Usiufute kwa hasira.

Na ile taarifa ya klabu yenye maneno "kwa makubaliano ya pande mbili", tunayoisoma kila mara kocha anapoondoka, iwe kweli. Iwe na karatasi nyuma yake: kiasi, tarehe za malipo, saini mbili, na sentensi kwamba baada ya hapo hakuna anayemdai mwenzake. Kocha asipoiona karatasi hiyo asikubali kupigwa picha ya kuagana. Mkurugenzi asipokuwa nayo asimtangaze kocha mpya, maana analipa wawili.

Ombi langu kwa halmashauri za ziwa zenye timu, na zile zinazotaka kuwa nazo, ni dogo: mwanasheria wa halmashauri aisome rasimu ya mkataba wa kocha kabla ya saini, siyo baada ya barua ya FIFA. Yuko ofisini, analipwa. Na wewe kocha uliyeachishwa wiki hii, acha kwanza kuzunguka redioni. Madai ya kuachishwa kazi hupelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa, kwa fomu namba 1, nakala ukimpa mwajiri wako. Siku ya 31 utaanza na ombi la kusamehewa kuchelewa, na utatakiwa ueleze kila siku iliyopita ulikuwa wapi.